Wanyama wa udongo na mabua: jibu kwa mlezi wa Makambako

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mlezi wa kituo cha watoto wadogo hapa Makambako. Nina watoto ishirini na sita, wa miaka mitatu hadi sita, na msaidizi mmoja. Kwenye simu nimeona wenzetu wakitengeneza na watoto wanyama wazuri wa karatasi za rangi wenye macho ya plastiki. Nikajaribu sungura wa manila. Nilikata mwenyewe usiku, asubuhi watoto wakabandika masikio, wakamaliza kwa dakika kumi na kuanza kusukumana. Mmoja alilia kwa sababu sungura wake hafanani na wangu. Sasa manila zimekwisha na gundi imekwisha. Naomba unisaidie: nianze na mnyama gani, kwa vifaa gani vya huku kwetu, na nifanyeje ili watoto watengeneze wenyewe? Halafu kuna wazazi wameanza kulalamika kwamba wanalipa ada ili watoto wasome, si kuchezea takataka.

Jibu: Marahaba mwanangu, na kamwene.

Jibu umekaribia kulitoa mwenyewe pale uliposema ulikata usiku na watoto wakabandika masikio asubuhi. Kazi ya kufikiri ulishaimaliza kabla hawajafika. Sungura ana umbo gani, masikio yawe marefu kiasi gani, kichwa kikae wapi: hayo ndiyo yanayomshughulisha mtoto, na hayo uliyamaliza peke yako watoto wamelala. Walichobakiwa nacho ni kupaka gundi, na kupaka gundi hakuwezi kumshika mtoto wa miaka minne zaidi ya hizo dakika kumi. Yule aliyelia naye alikuwa na sababu. Aliwekewa mbele sungura wa mtu mzima, akamtazama, akatazama wake, akaona ameshindwa.

Kwa hiyo ninalokuomba kwanza ni hili: usitengeneze mfano. Ukiweka mnyama wako mzuri juu ya meza, darasa zima litahangaika kumnakili huyo huyo, na wasioweza watakuletea wa kwao wakisema "nitengenezee". Waonyeshe mbinu bila kuwaonyesha mnyama. Chukua donge la udongo, liviringishe, libonyeze kwa kidole gumba, vuta pembe moja itoke, kisha lifinyange tena liwe donge mbele ya macho yao. Wameona mkono unavyofanya, na mnyama bado ni wa kwao.

Kisha ujue cha kutarajia, maana walezi wengi huvunjika moyo kwa kutazamia kazi ya mtoto wa miaka saba kwa mtoto wa mitatu. Wa miaka mitatu ataviringisha udongo ukawa mrefu, atakwambia ni nyoka, na baada ya muda atasema ni ndizi. Usimsahihishe. Yeye bado anagundua kwamba kitu alichokifanya kwa mkono wake kinaweza kusimama badala ya kitu kingine, na hilo kwa umri wake ni jambo kubwa. Wa miaka minne mara nyingi hutengeneza kichwa, halafu miguu inatokea moja kwa moja kwenye kichwa bila tumbo. Hata akichora mtu huchora hivyo hivyo. Wa mitano na sita ndiye anayeanza kuhesabu miguu, kutafuta mkia, na kubishana na mwenzake kama kuku ana masikio. Wote hao umewaweka kwenye kazi moja ya kubandika masikio ya manila. Wadogo ilikuwa ngumu kwao kwa sababu haikuwa na maana yoyote, na wakubwa ilikuwa rahisi mno.

Sasa vifaa. Kama ungekuwa na uwezo wa kuchagua kimoja tu kwa mwaka mzima, ningekwambia uchague udongo wa mfinyanzi. Haununuliwi, haukwishi, na unamsamehe mtoto. Karatasi ikikatwa vibaya imeharibika, lakini udongo ukiharibika unarudi kuwa donge na mtoto anaanza upya bila hasara ya mtu yeyote. Huko kwenu hutaukosa kwenye mabonde na kingo za vijito. Tafuta mama anayefinyanga vyungu au mzee anayechoma matofali, muulize anachimba wapi, kwani hao wameshajua udongo upi unashika. Wakisi wa Ikombe kule Ziwa Nyasa, karibu na Matema, wanafahamika kwa vyungu vyao, na mkoa mzima wa Mbeya unavitumia. Ukipata nafasi ya kukaa na mfinyanzi yeyote nusu siku utajifunza mengi kuliko nitakayoweza kuandika hapa.

Kuujaribu ni rahisi. Lowesha kidogo, viringisha kipande kirefu chenye unene wa kidole chako cha mwisho, kisha kizungushe kwenye kidole gumba. Kikijikunja bila kupasuka, udongo ni mzuri. Kikikatika, una mchanga mwingi, na watoto watachoka nao. Ukishaupata, usiwape hivyo hivyo. Uloweke kwenye ndoo siku mbili tatu, ukoroge kwa mkono, utoe mawe, mizizi na vipande vya chupa. Hili la chupa ulifanye kwa makini sana. Mwaga maji yaliyojitenga juu, tandaza tope kwenye kiroba kivulini mpaka liache kunata mikononi. Halafu likande. Hapo msaidizi wako na watoto wakubwa wanaweza kukusaidia, na kukanda kwenyewe ni mazoezi mazuri ya vidole na viganja.

Tatizo litakalokusumbua ni miguu kudondoka. Mtoto anatengeneza tumbo, anatengeneza miguu minne pembeni, anaigandamiza, anafurahi. Kesho asubuhi miguu iko mezani na tumbo limelala. Udongo unapokauka unasinyaa, na vipande viwili vilivyogusanishwa tu kila kimoja kinasinyaa kivyake mpaka vinaachana. Dawa yake ni kuvuta, si kubandika. Mfundishe mtoto kuanza na donge moja analoweza kulishika kwa kiganja, kisha avute mguu kutoka humo humo kwa vidole viwili, polepole, halafu mwingine. Pua ya nguruwe inavutwa, mkia unavutwa, sikio linabanwa tu. Mnyama wa namna hiyo ni mfupi na mnene, miguu yake ni vijinundu, lakini anasimama na anakauka mzima. Kwa wa miaka sita wanaotaka pembe ndefu, waonyeshe kuchora mistari kwa kijiti sehemu zote mbili zinazokutana, kupaka tope jepesi, kisha kugandamiza na kulainisha maungio kwa kidole.

Tatizo la pili ni nyufa, na Makambako kwa upepo wenu huo mtaziona sana. Mnyama akiwekwa juani au upeponi, ngozi ya nje inakauka na kusinyaa wakati tumbo bado bichi, basi anapasuka mgongoni. Mkaushe ndani, kivulini, amefunikwa gazeti siku ya kwanza. Donge likizidi unene wa vidole viwili, mwambie mtoto atoboe tumbo kwa chini kwa kidole gumba, ili pawe na uwazi. Mabaki ya nyasi kavu zilizokatwakatwa, mkichanganya kidogo kwenye udongo, nayo husaidia kuushika. Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, vipe vitu hivyo wiki nzima kabla ya kuvigusa. Habari za kuchoma achana nazo kwa umri huu. Mnyama asiyechomwa atakaa miezi mingi kabatini, mradi asilowe maji.

Macho ya plastiki huyahitaji. Mpe mtoto kijiti butu, atoboe. Utashangaa namna tundu moja linavyompa mnyama uso. Kwa kijiti hicho hicho atachora manyoya, magamba, mistari ya punda milia. Gunzi la mahindi likibingirishwa juu ya udongo mbichi linaacha alama za vishimo zinazofaa kabisa kwa ngozi ya mamba au mgongo wa kinyonga.

Umeuliza mnyama wa kuanzia. Anza na kuku. Wengi wangekwambia simba au tembo kwa kuwa wanavutia, lakini mtoto wa Makambako amemwona kuku leo asubuhi akitoka nyumbani, na simba amemwona kwenye fulana. Mtoto hutengeneza vizuri kile ambacho mwili wake unakijua. Kabla ya kugusa udongo, tokeni nje mkamtazame kuku halisi. Usihubiri, uliza tu. Anakunywaje maji? Akitembea kichwa kinafanya nini? Akilala miguu inakwenda wapi? Kisha waache watembee hivyo wenyewe, wainue shingo kumeza maji, wachakure. Mtoto aliyechuchumaa akatandaza mikono kama mama kuku anayelalia mayai, akirudi mezani atafinyanga kitu kipana chini na chembamba juu, bila wewe kumwambia neno. Baada ya kuku, nenda kwa mbuzi, mbwa, ng'ombe. Na wale wanaojua majina ya wanyama kwa Kibena, Kihehe au Kikinga tu, waache wayataje hivyo kwanza. Kiswahili chake kitafuata hapo hapo mezani, na hakitasahaulika.

Ng'ombe anastahili siku zake kadhaa. Watoto wa Njombe na Makete wanamfahamu ng'ombe wa maziwa, yule mweusi kwa mweupe, wa aina inayofugwa pia kwenye shamba la mifugo la Kitulo. Madoa yake ni kazi tamu kwa mtoto mdogo: ng'ombe akishakauka, ponda mkaa, changanya na gundi ya unga, mtoto achovye kidole na kubandika madoa anavyotaka. Tumbo jeupe lipate chaki iliyopondwa, nayo kwa gundi hiyo hiyo.

Katika kituo kimoja karibu na Tukuyu nilikaa pembeni ya mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa anahangaika na ng'ombe wake. Udongo ulikuwa na maji mengi, miguu ikawa inalainika. Kila akimsimamisha, ng'ombe anakwenda chini taratibu mpaka tumbo linagusa meza. Mlezi alinyoosha mkono amsaidie, nikamwashiria angoje kidogo. Mtoto akamtazama ng'ombe wake, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia meza. Halafu akaikunja ile miguu chini ya tumbo, mmoja mmoja, akapindisha shingo kidogo upande, akabana vipande vidogo vya udongo na kuviweka karibu na mdomo. "Ameshiba," akasema. "Anacheua." Ng'ombe aliyelala akicheua hukunja miguu hivyo hivyo na kupindisha shingo hivyo hivyo, na mtoto yule alikuwa amekiona hicho nyumbani kwao mara zisizo na idadi. Mlezi angesaidia kwa nia njema kabisa, tungepata ng'ombe mwingine wa kusimama, na elimu yote ile ya mtoto isingetoka.

Ndiyo maana nakusihi mtoto akikwama usimnyang'anye kazi. Mwulize swali linalomrudisha kwa mnyama: anakwenda wapi huyu? Anasikia nini? Ana njaa? Akisema "sijui kutengeneza mkia", shika donge lako mwenyewe, vuta kitu chochote kirefu, umwachie aone. Na akimaliza usikimbilie "safi sana" kwa kila mtu, kwa kuwa watoto hujua sifa isiyotazama. Sema ulichokiona: "Umemwekea kuku wako kidole cha nyuma." Mtoto huyo kesho ataweka vidole vyote.

Mavuno yakishapita, una zawadi nyingine shambani, nayo ni mabua ya mahindi. Chukua makavu, yaliyonyooka, kabla hayajalishwa ng'ombe. Menya ganda la nje wewe mwenyewe, kwa sababu ganda hilo hukata vidole vibaya sana, ulitupe mbali na watoto. Ndani kuna moyo mweupe, mwepesi, laini kiasi kwamba kijiti kinaingia bila kusukumwa kwa nguvu. Kata vipande vya urefu mbalimbali: vya kidole kimoja, vya kiganja kizima, vya nusu kiganja. Mpe mtoto wa miaka mitano vipande hivyo na vijiti vifupi vya fagio vilivyokatwa ncha butu. Kipande kirefu kitakuwa tumbo, kijiti kinaunganisha shingo, kipande kifupi kinakuwa kichwa, vijiti vinne miguu. Twiga, ndege mwenye miguu mirefu, punda, vyote vinatoka humo bila tone la gundi, na mtoto anaweza kuchomoa na kuanza upya. Kaka zetu wengi walitengeneza magari na miwani kwa mabua haya. Wazee wa kituo chako watakuonyesha mbinu ambazo mimi sizijui. Wa miaka mitatu usiwape vijiti. Wape magunzi na maganda ya mahindi wafunge kwa uzi mnene wa katani.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Kokwa la parachichi likiwa bichi ni laini, linachongeka kwa mpini wa kijiko, na sehemu iliyochongwa hugeuka rangi ya machungwa mbele ya macho ya watoto. Likikauka huwa gumu na hujikunja kidogo. Linafaa panya au kobe. Koni za misonobari kutoka Mafinga au Sao Hill ni nungunungu tayari, zinahitaji kichwa cha udongo tu. Kwa wenzetu wa Rungwe, bua la jani la mgomba likikatwa upande, likachovywa kwenye rangi na kugongwa kwenye karatasi, linaacha umbo la mwezi mchanga lenye vyumba vidogo ndani; ukiyapanga mengi unapata magamba ya samaki. Lakini utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, kwa hiyo wavalishe watoto mashati makuukuu. Trei za mayai nazo nzuri, vile vikombe vyake ni magamba ya kobe, ila trei yenye kinyesi cha kuku au yai lililovujia usiitumie kabisa, maana hapo ndipo hukaa vijidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya trei na baada ya udongo, kila siku, bila kuruka.

Gundi ya dukani usinunue. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka pasiwe na mabonge, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga mpaka uzito ubadilike na weupe upungue. Unga wa muhogo unashika vizuri zaidi ukiupata. Pika kidogo kidogo, kwa kuwa siku ya tatu itaanza kunuka. Kazi zilizobandikwa kwa gundi hii zitundike juu kwenye kamba. Zikibaki kwenye rafu panya watazila.

Kuna mambo ya usalama ambayo sitaki uyachukulie kijuujuu. Kwanza, maharage na punje za mahindi kama macho: kwa watoto wa miaka mitatu usiziweke mezani. Zinaingia puani, zinaingia sikioni, zinaingia koo. Kipimo changu ni kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni. Kinachopita ndani yake hakiwi mikononi mwa mtoto ambaye bado anaweka vitu mdomoni, hata kama umri umeshafika. Pili, mbegu za kupandia zinazouzwa dukani zimepakwa dawa, ndiyo maana zina rangi nyekundu au kijani. Zinavutia mno kwa mtoto, na msimu wa kupanda zinazagaa nyumbani. Zisikanyage kituoni kwako. Tatu, mbegu za mbarika zenye mabakamabaka mazuri, na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutungia shanga, zote mbili zina sumu kali. Nne, ule unga mweusi wa ndani ya betri za redio usiutumie kama rangi, mkaa unatosha. Rangi ya njano inatoka kwenye bizari, kahawia kwenye udongo mwekundu uliochekechwa.

Watoto ishirini na sita kwa watu wazima wawili: usiwakalishe wote kwa pamoja. Sita mezani na wewe, waliobaki nje na msaidizi, wakicheza, wakiokota majani, wakimtazama kuku. Meza inapokea wengine pale mtu anapomaliza, si kwa kengele. Yupo atakayemaliza upesi, na yupo atakayekaa saa nzima juu ya bata mmoja. Mwache. Kazi ya mnyama mmoja inaweza kuchukua siku tatu: kumtazama na kumwigiza, kufinyanga, kupaka rangi. Hivyo wale wasukumanao hupungua, kwa sababu hakuna anayesubiri bila kazi.

Karatasi sijaifukuza. Ukipata madaftari yaliyokwisha au magazeti, waache wachane kwa mikono. Kuchana kunataka vidole viwili vya kila mkono vivute pande mbili tofauti, na kingo zilizochanika zinafanana na manyoya kuliko zilizokatwa. Mkasi uanze kwa wa miaka minne kwenda juu, mikasi ya ncha butu, kwa kukata vipande vifupi vya maganda makavu ya mgomba au karatasi nyembamba, kabla ya kudai afuate mstari.

Baada ya miezi kadhaa watoto wakishazoea wanyama wa nyumbani, walete wa milimani na porini, kila sehemu na wake. Watoto wa Iringa wana tembo wa Ruaha. Mkonga ni sehemu nzuri ya kujifunzia kuvuta udongo. Kwenye misitu ya Rungwe yupo kipunji, kima ambaye wanakijiji walimjua zamani na wanasayansi wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, iliyobeba jina la Rungwe. Ana nywele zilizosimama utosini, uso mweusi, mwili wa kahawia na ncha ya mkia nyeupe. Nywele hizo zifanye kwa ndevu kavu za mahindi zikichomekwa kwenye udongo mbichi. Kwenye milima ya Poroto yupo kinyonga wa pembe tatu. Watoto wengi wa kwetu wamefundishwa kumwogopa kinyonga na kumpiga mawe. Mtoto aliyekaa siku mbili akifinyanga vidole vyake vinavyoshika tawi humtazama kwa jicho jingine, na hilo nimeliona.

Kuhusu wazazi, usibishane nao kwa maneno. Waite siku ya kuchukua ripoti, uweke udongo mezani, umwombe kila mzazi afinyange kuku akiwa na mwanawe. Mtu mzima akihangaika na miguu ya kuku kwa robo saa, haulizi tena kama hiyo ni kazi. Kisha uwaeleze kwa ufupi: vidole vinavyobana udongo na kuvuta mkia ndivyo vitakavyoshika penseli bila kuchoka darasa la kwanza, mtoto anayegawa miguu minne kwa mbuzi na miwili kwa bata anahesabu, anayesimulia kwa nini ng'ombe wake amelala anajenga sentensi. Waambie pia kwamba hata serikali, kwenye Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi na usalama wa mtoto. Na anayesema takataka, mwelekeze Neema Crafts pale Iringa mjini, kituo kilichoanza mwaka 2003, ambako mafundi wenye ulemavu wametengeneza hata karatasi kutokana na kinyesi cha tembo na wageni wanazinunua.

Wanyama waliokauka wape watoto waende nao nyumbani, hata kama njiani mguu utavunjika. Asiyetaka kuchukua wake, mwulize kwanza ndipo umrudishe mnyama huyo kwenye ndoo. Mnyama akikauka kabisa umponde, umloweke, na siku mbili zijazo ni udongo tena. Udongo uliobaki ufunge kwa kitambaa chenye unyevu, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani, mahali pasipo na jua. Wiki hii chimba na uloweke. Wiki ijayo, watoto sita mezani, na kuku mmoja uani.